Kapu la Khemais

Bi Saluha aliburuta kiti chake mpaka mlangoni, akakiegemeza pale pale palipo na upenyo wa kupita, akakaa. Huyo mama akishakaa hivyo hata zimamoto hawamtoi.

"Kapu halitoki humu ndani," alisema.

Naziha, mke wa mwanawe, alikuwa amesimama na kapu lenyewe mkononi. Ndani mlikuwa na mkate, mayai ya kuchemsha, kichupa cha pilipili ya harisa, sweta na pakiti ya sigara. Juu alikuwa amefunika kwa kitambaa safi cha jikoni, kile anachotoa wageni wakija.

"Mama, mtu hajatia kitu mdomoni toka alfajiri."

"Atakula akirudi. Wewe ukionekana unashuka ngazi na kapu Jumatatu asubuhi, mtaa mzima utajua unakwenda wapi. Kapu ni la mfungwa. Mwanangu si mfungwa. Yuko kituoni, anaulizwa maswali."

Na kweli, hapa Tunis mwanamke mwenye kapu la namna ile haulizwi anakwenda wapi. Watu wanainamisha macho, wanampisha njia, wanasubiri apite ndipo waanze kusema. Kuna wanawake mtaani wamebeba kapu miaka mpaka bega moja limekuwa chini kuliko jingine, na binti zao hawaposwi. Bi Saluha aliyajua hayo yote. Naziha naye aliyajua, ndiyo maana alikuwa bado amesimama.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Khemais, mume wa Naziha, anauza mitumba barabarani, nyuma ya stesheni. Asubuhi ile alikuwa ndiyo kwanza amefungua belo jipya, makoti ya baridi, wakaja askari wa manispaa kuondoa meza. Wenzake wakakusanya na kukimbia. Khemais akalikumbatia belo lake. Askari mmoja akavuta upande wa pili, akakanyaga jaketi la nailoni lililokuwa chini, akateleza, akakaa matopeni kama mtoto anayefundishwa kutembea. Barabara nzima ikacheka. Pale pale Khemais akapandishwa gari. Aliyewapigia simu nyumbani ni jirani yake wa meza, muuza viatu. Polisi hawakumpigia mtu.

Naziha aliweka kapu mezani. Akalichukua. Akaliweka tena. Akafuta jiko ambalo halikuwa na uchafu.

Hedi, mdogo wake Khemais, aliingia kwa kuruka miguu ya mama yake. Hedi ni karani wa shule, ana tai, na ana namna ya kuongea kama vile serikali nzima ni ya binamu zake.

"Shemeji, tulia. Usifanye jambo. Nimeshaongea na Mokhtar wa mkahawani."

"Nilifikiri tutafute wakili."

Hedi alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino. "Wakili? Ukimpeleka wakili kituoni unawaambia nini? Unawaambia mwenzangu ana hatia. Unawatukana. Jambo la dakika tano unaligeuza kesi. Mokhtar ana mabega, ana watu wa kumbeba, mkuu wa zamu anakunywa kahawa kwake kila siku. Kakaangu atakula kuskusi hapa mchana, na mimi nitakuwepo."

"Umesikia?" alisema Bi Saluha, na kwa mara ya kwanza akasogeza kiti. "Pika kuskusi."

*

Mkahawa wa Mokhtar ni wa wanaume, na Naziha alilazimika kusimama nje, karibu na masanduku ya chupa tupu, wanaume wakimwangalia kupitia kioo. Mokhtar alitoka akiwa bado na simu sikioni. Ni mtu mnene, mpole, anayekushika kiwiko anapoongea.

"Dada Naziha, mambo mepesi. Kuna maelezo yameandikwa. Asaini, amwombe radhi yule kijana aliyeanguka, ambusu bega, aende zake. Tatizo ni mumeo. Kawa mbishi. Kagoma kusaini."

"Hayo maelezo yanasemaje?"

"Maneno tu. Maneno ya polisi. Kwamba alikuwepo, kwamba palitokea vurugu. Nani anayasoma? Yanaingia kabatini yanaliwa na panya."

"Lakini kama Khemais amekataa..."

"Amekataa kwa sababu ana hasira. Anahitaji kusikia sauti ya nyumbani. Mimi nakwenda huko sasa hivi, wataniruhusu mlangoni. Nimwambie mkewe anasemaje?"

Naziha alimtazama Hedi, aliyemsindikiza. Hedi alitikisa kichwa chake kwa nguvu, ndiyo, ndiyo. Ndani, wanaume wameacha karata zao wanamsubiri. Alitaka jambo liishe. Alitaka mumewe aingie mlangoni na harufu yake ya nguo za watu, avue viatu katikati ya njia kama kawaida yake, naye Naziha amgombeze. Hilo tu ndilo alilotaka, na huyu mtu alikuwa anamwambia linawezekana mchana huu huu.

"Mwambie asaini," alisema. "Mwambie mimi ndiye niliyesema. Asaini aje kula."

"Umesema la maana." Mokhtar alimshika kiwiko. "Sasa, wale jamaa hawapendi kuona mtu anakuja mikono mitupu. Sisemi pesa, Mungu apishe mbali. Khemais alinionyesha koti moja la ngozi juzi. La kahawia."

Lile koti Khemais alikuwa amelitenga kwenye belo lililopita, akalipaka mafuta mwenyewe, akalitundika chumbani. Tangu waoane hajawahi kujiwekea kitu kutoka kwenye biashara yake ila hilo. Naziha alikwenda nyumbani akarudi nalo, limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mokhtar alichungulia mfukoni, akaingiza mkono kupima ulaini wa ngozi, akasema litafaa.

*

Kuskusi ilipikwa, ya maboga na mbaazi. Ikapakuliwa. Ikapoa. Bi Saluha akaifunika, akaifunua, akaifunika. Hedi alikula sahani yake kwa sababu, alisema, ana kikao shuleni, na kila Mokhtar alipopigiwa simu alijibu kwamba bado kidogo. Halafu akaacha kupokea.

Naziha alitoka kwenye ngazi kupata hewa. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka juu, tone, tone, kwenye vyungu vyake vya mnaanaa. Siku nyingine angepanda kugombana. Ghorofa ya juu anakaa Olfa, binti mmoja wakili mchanga, anavuta sigara ngazini na kuanika nguo bila kuzikamua. Wiki iliyopita tu Naziha alimwambia mbele ya watu kwamba aliyesomeshwa sheria angefundishwa kwanza kufua. Hawajasalimiana tangu siku hiyo.

Olfa alikuwa anashuka, na faili kwapani. Akaona maji, akaona Naziha, akasimama.

"Samahani, shangazi. Naziondoa sasa hivi."

Naziha aligeuzia uso vyungu vyake.

"Mwambie Khemais lile koti jeusi aliloniahidi nitalipitia kesho. La mahakamani limenichanika begani."

"Khemais yuko kituoni," alisema Naziha. Alimweleza yote pale pale ngazini, kwa haraka, bila mpangilio, askari kuteleza, Mokhtar, kuskusi. Ilikuwa aibu kumweleza mtu uliyemtukana, na hakuwa na mwingine.

Olfa alimsikiliza mpaka mwisho. "Amesaini?"

"Sijui. Nilituma aambiwe asaini."

Olfa aliketi kwenye ngazi, faili mapajani. "Unajua kinachoandikwa kwenye maelezo ya namna hiyo? Kwamba amemtukana mtumishi wa serikali akiwa kazini. Na kwa kuwa yule askari alianguka, wataongeza kwamba amemsukuma. Hicho ni kifungo, shangazi. Akisaini, mbele ya hakimu hayo ndiyo maneno yake mwenyewe."

"Mokhtar kasema yanaliwa na panya."

"Panya wa wapi hao. Sikiliza. Mumeo ana haki ya kusoma kila neno kabla ya kusaini. Ana haki ya kukataa, na wakiona amekataa wanaandika amekataa, basi. Ana haki ya kuonwa na daktari. Ana haki ya wakili kuwepo anapohojiwa. Na kama yeye hakuweza kuomba, mkewe ana haki ya kumwombea. Yaani wewe. Sheria inakutaja."

"Mimi?"

"Mke, mzazi, mtoto, ndugu. Wewe umetajwa."

Naziha alishuka ngazi moja, akamsogelea. "Mbona hawakuniambia?"

"Polisi ndio walitakiwa kukupigia simu asubuhi. Hawakupiga. Ulikwenda kuuliza?"

"Nilikwenda mkahawani."

Olfa aliinuka tu na faili lake, bila lawama, na Naziha alimshukuru moyoni. Alirudi ndani kuchukua kapu. Bi Saluha alikuwa amekaa pale pale mlangoni.

"Mama, nipishe. Mwanao ana njaa."

Kikongwe alimtazama, akamtazama yule binti wa juu nyuma yake. Hakusema ndiyo. Alinyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na machungwa mawili akayasokomeza chini ya sweta, kisha akageuka ukutani ili asione kapu likitoka.

*

Wakiwa njiani Olfa alimwambia, "Pale kaunta utasema wewe. Mimi nitakuwa nyuma yako. Wakianza na mimi watasema nimejileta mwenyewe."

"Niseme nini?"

"Mimi ni mke wa fulani. Naomba wakili awepo anapohojiwa. Naomba iandikwe kwamba nimeomba."

Naziha aliirudia ile sentensi njia nzima, kama mtoto aliyetumwa dukani. Kituoni palikuwa na benchi moja lililojaa na kaunta iliyomfika kifuani. Askari wa kaunta, kijana wa umri wa kuwa mdogo wake, alikuwa anakula mbegu za maboga na kutema maganda kwenye kifuniko cha chupa.

"Afande, mimi ni mke wa Khemais Trabelsi."

"Hatuna."

"Yupo. Ameletwa asubuhi kutoka barabara ya stesheni."

"Mama, kaa benchi."

"Benchi limejaa."

"Basi simama."

Alisimama. Watu walikuja, wakahudumiwa, wakaenda. Mwenye kupoteza kitambulisho, mwenye kuibiwa pikipiki. Naziha alihamisha kapu mkono huu na ule. Kila mlango wa ndani ulipofunguka alinyoosha shingo, na kila ulipofungwa aliwaza, sasa hivi ndiyo anasaini, sasa hivi, kalamu iko mkononi. Aligeuka kumtazama Olfa. Olfa alikuwa ameegemea ukuta, na kwa macho tu alimwambia, nenda.

Akarudi kaunta.

"Afande. Mimi ni mke wake. Naomba wakili awepo anapohojiwa. Naomba iandikwe kwamba nimeomba."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Benchi zima likamgeukia. Yule kijana aliacha mbegu zake.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Naomba iandikwe."

"Iandikwe wapi?"

"Kwenye kitabu chenu," alisema Olfa, akasogea na kitambulisho chake cha uwakili, "pamoja na muda. Mimi ndiye wakili."

Kijana alimtazama Olfa, sweta lake, viatu vyake. "Wewe binti ndiye wakili?"

"Ndiyo mimi."

"Mbona kapu lenu ni kubwa kuliko wakili?" Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Kijana akapata moyo, akalivuta kapu, akatoa mkate akaukata kwa kisu vipande vipande, akapasua mayai moja moja kwa kidole gumba kuangalia kiini, akachukua sigara mbili akaziweka sikioni. Harisa alimrudishia. Naziha alisimama anatazama mayai yake yakigeuzwa uji, na masikio yakawa yanamchoma. Lakini hakuondoka kaunta.

"Umemaliza, afande?" aliuliza. "Sasa andika."

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Mokhtar, na mkuu wa zamu nyuma yake. Mkuu wa zamu alikuwa amevaa kiraia. Alikuwa amevaa koti la ngozi la kahawia. Mokhtar alimwona Naziha, akamwona wakili, uso ukamshuka.

"Dada, dada, umefanya nini? Tulikuwa tumefika mwisho. Unaharibu kila kitu."

"Kasaini?" aliuliza Naziha.

Mokhtar alimgeukia mkuu wa zamu. Mkuu wa zamu alimsoma Olfa toka juu mpaka chini. "Mtuhumiwa amesema hataki wakili."

"Vizuri," alisema Olfa. "Aniambie mwenyewe, uso kwa uso, halafu niondoke. Kama siyo hivyo naandika kwamba ombi la mke limekataliwa, na jina lako naliweka juu."

Mkuu wa zamu alivuta zipu ya koti, akashusha, akavuta.

"Muingize," alimwambia kijana wa kaunta. "Na huyo mama atoke nje."

Naziha alitoka nje na kapu lake, ambalo hakuna aliyelipokea. Alitembea toka mlango mpaka mti wa mwisho wa barabara, akarudi, akaenda tena. Alimwomba Mungu mambo mengi yasiyo na utaratibu. Zaidi aliomba maneno yake yasiwe yamefika. Aliomba Mokhtar awe amesahau, amechelewa, amedanganya. Muuza chai wa pembeni alimletea kikombe bila kuagizwa na akakataa kulipwa, kwa sababu ya kapu, na huruma hiyo ilimuuma kuliko mayai.

Olfa alipotoka jua lilikuwa limeshuka nyuma ya majengo. "Hajasaini," alisema. "Atalala humu, kesho tunakwenda kwa mwendesha mashtaka. Ana sikio limevimba, nimedai daktari, ataletwa. Na maelezo yameandikwa upya, mimi nikiwepo."

Naziha alimkumbatia pale barabarani, yeye na faili lake, mpaka yule binti akalazimika kumtoa.

*

Kesho yake mwendesha mashtaka alisoma maelezo, akasoma cheti cha daktari kilichoambatanishwa, akauliza aliyeanguka kasukumwa na mkono upi, askari akasema wa kulia, na mwenzake akasema wa kushoto. Khemais aliachiwa. Kesi bado ipo, itaitwa, lakini ataisubiri nyumbani kwake. Belo hakuna aliyejua liliko.

Alitoka kwa mlango wa pembeni, viatu havina kamba, ameshikilia suruali kwa mkono kwa kuwa mkanda haukuonekana. Sikio la kushoto lilikuwa la zambarau. Naziha alitaka kumshika, hakujua aanzie wapi, akampa chungwa.

Walitembea watatu, polepole, kwa sababu ya viatu. Khemais alikula machungwa yote mawili na ule mkate uliokatwakatwa, akawa mchangamfu ghafla, anaongea mdomo umejaa.

"Wakili, nikwambie kituko. Jana kabla hujaja walinileta mlangoni, nikamkuta Mokhtar. Mokhtar wa mkahawa. Ananiambia, mkeo anasema saini uje kula. Anasema hivyo hivyo, kwa macho makavu."

Olfa alitazama magari. Naziha alitazama viatu vya mumewe.

"Mimi nilikuwa nimechoka, nisikufiche. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikamuuliza, kapu liko wapi? Akasema kapu gani. Nikacheka mpaka wakanizaba hili sikio. Naziha gani huyo anatuma maneno bila kapu? Huyu mwanamke nikienda kunyoa ananifungia mkate. Nikajua ni uongo wao. Nikaweka kalamu chini."

Angeweza kunyamaza. Olfa asingesema, Hedi asingethubutu, na Mokhtar hana tena uso wa kuja mlangoni kwao. Walivuka barabara. Naziha aliona kwamba akinyamaza mpaka ng'ambo atanyamaza maisha yake yote, na kila atakapomfungia mkate atakumbuka.

"Nilisema mimi," alimwambia. "Hakudanganya. Nilisimama nje ya mkahawa wake nikasema asaini. Na koti lako nikampa. Kapu nilikuwa nimelifunga tayari, mama akanizuia mlangoni kwa aibu ya majirani."

Khemais alisimama. Ganda la chungwa lilikuwa bado mkononi. Naziha alingoja atukane, na angefurahi atukane. Lakini alimtazama tu, akatazama lile kapu, kile kitambaa cha wageni chenye doa la kiini cha yai. Akawa kama mtu aliyekoswa na gari kwa unywele.

"Mama ndiye aliyelizuia," alisema.

"Ndiye."

"Lingekuja," alisema taratibu, "ningesaini."

Naziha alilihamishia kapu mkono wa pili, akamshika mumewe upande ule asioshikilia suruali, wakaendelea kutembea.